Muulize Mama Sampuli: Jiwe na Kikaratasi Chake

Kwa kawaida barua zenu huniuliza bei. Bei za mawe mimi sizijui wala sijawahi kuzifuata. Kazi yangu mpaka nastaafu ilikuwa kutunza ghala la sampuli za miamba hapa Dodoma. Mwezi huu mmeniuliza kuhusu makumbusho ya madini, mahali ambapo jiwe linakaa na haliuzwi, na nimefurahi kweli. Nimechagua barua nne. Nimezifupisha, lakini maswali nimeyaacha kama mlivyoyauliza.

“Shikamoo Mama. Mimi ni mwanaapolo, niko Kitalu D hapa Mirerani. Mgeni mmoja aliyekuja kutafuta mawe ametuambia kuna madini yamepewa jina la mji wetu na yamehifadhiwa Ulaya na Marekani. Hapa kijiweni hakuna anayeyajua, na hakuna dalali aliyewahi kuyaulizia. Ni kweli au katupiga kamba? Na kama ni kweli, kwa nini yakae kwao, yasikae kwetu?” (Msomaji, Mirerani)

Marahaba mwanangu. Mgeni kasema kweli. Madini hayo yanaitwa merelaniaiti, maana wageni mji wenu huuandika Merelani. Yalikubaliwa rasmi kuwa madini mapya mwaka 2016, na chama cha kimataifa cha wataalamu wa madini, IMA, kikayachagua kuwa madini ya mwaka huo kwa dunia nzima.

Hakuna dalali anayeyaulizia kwa sababu hayachongwi wala hayavaliwi. Inawezekana kabisa umeshayashika na ukayafuta kwa kidole. Ni vinywele vya rangi ya kijivu iliyoiva, vinang'aa kama chuma, vimesimama juu ya fuwele za tanzanite, za kwatzi, au za yale mawe meupe ya kalsaiti mnayoyabomoa ili mlifikie jiwe la bluu. Vingi havifiki hata milimita mbili kwa urefu. Ndani yake mna risasi, molibdenamu, vanadiamu, antimoni na salfa. Ukivitazama kwa hadubini ya elektroni unaona kitu cha kushangaza: kila kinywele ni matabaka membamba mno yaliyojiviringisha kama mkeka. Tabaka moja ni la risasi na salfa, linalofuata ni la molibdenamu na salfa, na yanaendelea kupandana hivyo hivyo ingawa vipimo vyake havilingani.

Aliyevifuatilia ni John Jaszczak, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Michigan, mji wa Houghton, kaskazini kabisa mwa jimbo hilo. Chuo kina makumbusho ya madini yaliyo wazi kwa umma, A. E. Seaman Mineral Museum, naye anashughulika na makusanyo yake. Kilichomvuta Mirerani ni kinywe, yaani grafiti. Ndiyo, kinywe hicho hicho kinachowapaka weusi mpaka kwenye meno! Fuwele za kinywe cha Mirerani zinasifika duniani kwa uzuri wa umbo. Katika kuchunguza mawe hayo ndipo vile vinywele vikaonekana, na mwanzoni vilidhaniwa kuwa molibdenaiti ya kawaida. Ilibidi waungane watu saba kuthibitisha kwamba sivyo, wakiwemo Mike Rumsey na Chris Stanley wa makumbusho ya historia ya asili ya London, Luca Bindi wa Florence na Michael Wise wa makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Nije sasa kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo lenye uchungu. Duniani zimeshatambuliwa aina karibu 6,000 za madini, na kila mwaka huongezeka kama mia hivi. IMA haikubali jina jipya kwa maneno tu. Ile sampuli halisi iliyopimwa lazima ikabidhiwe makumbusho ambako mtaalamu yeyote, wa leo au wa miaka mia ijayo, anaweza kuiomba na kuipima upya. Sampuli kuu ya merelaniaiti ilikabidhiwa London, na nyingine ikabaki Houghton. Hazina bei tena. Mtu akiokota vinywele vya aina hiyo Madagascar au China na kubishana kuhusu jina, watarudi kwenye droo hizo.

Kwa nini droo hizo ziko huko? Kwa sababu walianza mapema na hawakuacha. Houghton ilikuwa na chuo cha migodi tangu 1885 na makumbusho yake yakaanza 1902. Jengo la London lilifunguliwa 1881. Na sisi je? Taasisi yetu ya jiolojia, GST, ilianza 1925 hapa hapa Dodoma, na ina makumbusho ya miamba na madini ambayo Watanzania wengi hawajui kama yapo. Ninaposikia mtu anasema Waafrika hatuwezi kutunza mawe, moyo unaniuma, maana maisha yangu yote nimeyatunza. Tunachokosa ni utaratibu unaobana. Merelaniaiti yenyewe imegawanywa, kipande huku na kipande kule, na sayansi haikuharibika. Basi na iwe sharti: anayechukua sampuli Simanjiro, Lengai au Mbozi kwenda kuipima, kipande chenye namba ile ile kibaki Dodoma, na matokeo ya vipimo yarudi. Nimelisema hili ofisini, nimelisema kwenye mikutano, na nitalisema hapa mpaka nichoke.

Usidhani pia kwamba jiwe likishaingia ghalani limekufa. Yule Mike Rumsey niliyemtaja alikuwa akipitia sampuli ya zamani ya Cornwall, Uingereza, iliyochimbwa katika mgodi wa Wheal Gorland yapata miaka 220 nyuma. Muda wote huo iliandikwa kuwa lirokonaiti, madini ya bluu. Kulikuwa na sehemu ya kijani, na kila mtu aliipita. Walipoipima vizuri wakakuta kwenye kijani kuna chuma mahali ambapo penye bluu kuna alumini. Ni madini tofauti kabisa. Mwaka 2020 yakatangazwa kwa jina la kernowaiti. Mgodi wenyewe ulishafungwa siku nyingi, na leo huwezi kushuka kwenda kutafuta kipande kingine. Wangekuwa wameitupa sampuli ile kwa sababu “ya aina hii tunazo nyingi”, kernowaiti isingejulikana.

Ndiyo maana nakuomba wewe uliye chini shimoni. Ukikutana na kitu usichokijua, usikisugue kwa brashi wala usikitie asidi. Kifunge kwenye karatasi laini, halafu andika: kitalu, jina la shimo, mmeshuka kina gani, kilikaa karibu na jiwe gani, na tarehe. Andika siku hiyo hiyo. Ukingoja hadi Jumapili utakuwa umechanganya mashimo mawili, na jiwe lisilo na mahali lilipotoka ni pambo tu.

“Habari za kazi Mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Geita. Darasani tuna kabati la mawe yaliyokusanywa na wanafunzi wa miaka iliyopita. Yale ya njano yanayofanana na dhahabu yameanza kutoa unga mweupe wenye ukijivu, yananuka kama kiberiti, na vikaratasi vilivyokuwa chini yake vimetoboka. Je, jiwe linaweza kuoza?” (Mwalimu, Geita)

Nzuri mwalimu. Linaweza, na hayo yako yameoza. Hiyo ni pairaiti, yaani chuma na salfa. Hewa yenye unyevu ikiishambulia, chuma na salfa huachana na mpangilio wao wa mwanzo. Unapata chumvi za salfeti, ambazo ndizo huo unga, pamoja na asidi ya salfa. Asidi ndiyo iliyokula vikaratasi. Ukiacha, itakula na mbao za kabati, kisha itahamia kwenye mawe ya jirani, hasa yale yenye chokaa. Makumbusho makubwa yote duniani yanapambana na ugonjwa huu, kwa hiyo usione aibu.

Leo hii, kabla ya kugusa jiwe lolote, nakili vikaratasi vyote vilivyobaki kwenye daftari. Hata kilichobaki nusu, nakili nusu hiyo. Halafu vaa glavu na barakoa, toa mawe nje, yapanguse unga kwa brashi kavu ya rangi. Usiyaoshe! Maji ndiyo chakula cha ugonjwa wenyewe. Yaliyopasuka vipande vipande yaage, ila hifadhi kipande kimoja kizima cha kila sehemu. Kila kimoja kiingie kwenye chupa yake ya kioo yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye boksi za viatu, ubadilishe mara kwa mara. Kikaratasi kibandikwe nje ya chupa. Unyevu ukibaki chini ya asilimia 50, pairaiti hutulia. Ukipita 60 inaanza tena, na ninyi huko mko karibu na ziwa. Wanafunzi wanawe mikono baada ya kushika, maana mawe ya migodi ya dhahabu mara nyingine huwa na aseniki.

Kuna jiwe letu lingine linalohitaji uangalizi mkubwa zaidi ya huo, na wanafunzi wako wanapaswa kulijua. Nyerereaiti. Limepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1963, nalo linatoka Oldoinyo Lengai, mlima wa volkano pekee duniani unaojulikana kutoa lava ya kaboneti za sodiamu katika zama zetu. Lava hiyo hutoka ikiwa nyeusi au kahawia iliyokolea, kwenye joto la nyuzi kama 500 hadi 600 tu, wakati lava za kawaida hufika zaidi ya 1,000. Ikipigwa na umande na mvua inabadilika, na baada ya siku chache imekuwa nyeupe. Ukiwa na kipande kibichi lazima ukizibie kwenye chupa pale pale mlimani, kisiguswe na hewa ya mvua tena. Usipofanya hivyo, ukifika Arusha utakuwa umebeba chumvi nyingine kabisa, wakati kikaratasi bado kinasema nyerereaiti. Jiwe lenye jina la Baba wa Taifa ni kati ya mawe yanayohitaji ghala kavu kuliko yote. Kama kuna sababu moja tu ya kuipa nchi hii ghala la kisasa la sampuli, kwangu mimi hiyo inatosha.

“Jambo Mama. Niko Lubumbashi. Huku kwetu shaba inatoka ikiwa jiwe la kijani, halafu inapelekwa kiwandani. Rafiki yangu anayeishi Michigan amenitumia picha ya bamba kubwa la shaba tupu akasema limetoka hivyo hivyo ardhini. Inawezekana?” (Msomaji, Lubumbashi)

Jambo baba. Inawezekana, na kama picha ni ya Houghton basi ni makumbusho yale yale niliyoyasema juu. Rasi ya Keweenaw, kando ya Ziwa Superior, ina shaba tupu nyingi ajabu. Zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita lava ilimwagika huko, ikaacha mapovu na nyufa. Maji ya moto yenye shaba yakapita humo na kuiacha ikiwa shaba halisi, haikuungana na salfa wala kaboneti. Wenyeji wa bara lile walikuwa wakiichimba na kuifua maelfu ya miaka kabla Mzungu hajafika. Bamba lenyewe lilitolewa chini ya maji ya Ziwa Superior na lina uzito wa tani nyingi. Jiwe lenu la kijani, malakaiti, ni shaba iliyoungana na kaboneti, kwa hiyo lazima ipite kiwandani ili shaba itoke.

Nataka nikuongezee jambo moja, kwa sababu linamhusu na yule kijana wa Mirerani. Kulikuwa na donge jingine la shaba karibu na hapo, kwenye Mto Ontonagon, zito kiasi cha kilo 1,700 hivi, ambalo wenyeji walilitukuza. Mwaka 1843 mfanyabiashara mmoja alilichukua, serikali ya Marekani ikamnyang'anya, na sasa liko Smithsonian. Jamii ya wenyeji ya Keweenaw Bay iliomba lirudishwe, na haikukubaliwa. Kwa hiyo kilio cha mawe kuhamishwa kwenda mbali hakiko Afrika peke yake.

Na ninyi wa Katanga mna kilio chenu. Kasolaiti, madini ya urani na risasi yaliyoelezwa mwaka 1921, yana jina la Kasolo, huko huko Shinkolobwe. Kolwezaiti ina jina la Kolwezi. Lakini anayetaka kuona makusanyo makubwa ya madini ya Kongo, pamoja na ramani na taarifa za wanajiolojia wa enzi za ukoloni, anakwenda kwenye makumbusho ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels, Ubelgiji. Taarifa hizo zinasema nani alichimba wapi na akakuta nini. Kwangu mimi karatasi hizo zina thamani kuliko mawe yenyewe, na nakala zake zinapaswa kuwa Lubumbashi, mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuzisoma bila kuomba viza.

“Mama mwenzangu, pole na majukumu. Marehemu mume wangu alikuwa dalali wa mawe hapa Arusha. Ameacha sanduku la bati limejaa mawe madogo madogo, mengine yamefungwa kwenye karatasi zenye mwandiko wake. Watoto wanataka niite mnunuzi ayapime yote kwa kilo tuondokane nayo. Je, makumbusho yanaweza kuyanunua?” (Mjane, Arusha)

Pole sana mwenzangu, Mungu amrehemu. Nianze na swali lako: makumbusho mengi hununua kidogo sana, na zaidi hupokea yanayotolewa. Vilevile wanachotaka wao ni tofauti na anachotaka sonara. Tanzanite nyingi hutoka ardhini ikiwa na ukahawia, ndipo hupikwa kwenye joto la nyuzi kama 600 ikawa bluu. Sonara anataka iliyopikwa na kuchongwa. Makumbusho wanataka fuwele nzima, haijapikwa, ikiwezekana ikiwa bado imeshikana na mwamba wake. Kwa hiyo ndani ya sanduku hilo kuna vitu viwili tofauti, na mtu wa kupima kwa kilo atavifanya kuwa kimoja.

Fanya hivi. Tafuta meza pana na siku ambayo wajukuu hawapo. Fungua karatasi moja tu kwa wakati mmoja. Piga picha jiwe likiwa juu ya karatasi yake, rula pembeni, ili mwandiko wa mzee uonekane. Mpe jiwe namba: tone dogo la rangi nyeupe upande usio na fuwele, likikauka andika namba kwa wino mweusi. Namba hiyo hiyo iandike kwenye karatasi na kwenye daftari, kisha rudisha vyote pamoja, ufunge. Karatasi ikiwa imechakaa usiitupe hata kama umeshanakili. Mwandiko, aina ya karatasi, hata risiti aliyoitumia nyuma yake, vyote vinasaidia kujua mwaka na shimo. Yasiyo na karatasi yaweke kando, usiyabahatishie majina. Usioshe chochote, niliyomweleza kijana wa Mirerani kuhusu vile vinywele yanakuhusu na wewe, maana mzee alinunua huko huko.

Ukimaliza, chukua leseni ya marehemu na uende ofisi ya Tume ya Madini hapo Arusha kabla ya kuuza hata kipande kimoja. Watakueleza utaratibu wa mirathi ya madini, na utajikinga na matatizo ya kukutwa na mawe yasiyo na vibali. Akija mgeni anayetaka kuyapeleka nje, jibu ni lile lile: kibali kwanza.

Yenye thamani ya soko uza, usomeshe wajukuu, hilo halina ubaya. Nakuombea yale ya kijivu na kahawia ambayo mnunuzi atayasukuma pembeni. Mtu aliyekaa sokoni miaka mingi akalifunga jiwe lisilo na bei kwenye karatasi na kuliandika, alikuwa ameona kitu. Yalete GST, Dodoma, uombe mtaalamu ayatazame pamoja na picha zako. Na kama mzee alikuwa na daftari la manunuzi, lifungie kabatini kwa ufunguo sasa hivi, kabla hujampigia simu mnunuzi yeyote.